Jino la Mlekwa

Nimegonga magogo tangu nina miaka kumi,
sikio kwenye gome, mpini wa shoka mkononi.
Mti mzima hujibu kwa kifua.
Ulioliwa ndani hunong'ona,
nami huupita, nikatafuta mwingine wa kuchonga mzinga.
Kwa hiyo nilijua kabla tabibu hajasema,
pale chuma chake chembamba kilipogusa jino la mwanangu
kikazama kidogo,
kama kwenye nta ya saa saba mchana.

Mlekwa ana miaka minne.
Asali ya kwanza aliilamba kwenye kidole changu hiki, chenye kovu.
Tangu hapo nikirudi kutoka pori la Ipole
hanisalimu.
Hufungua kinywa.

Tabibu anaitwa Eliakunda, Mmeru wa Maji ya Chai,
na alipocheka tukaona meno yake:
kahawia, yana michirizi,
mfano wa kikombe kisichosuguliwa.
Mama mmoja kwenye benchi la hospitali ya Sikonge akateta,
"Na huyu ndiye wa kututibu meno?"
Alisikia. Hakukunja uso.
"Ni floridi hiyo, mama. Maji ya kisima chetu yalizidi.
Kilichonijia mimi kwa ndoo
mtoto huyu atakipata kwa tone."

Akachora nyuma ya kadi ya kliniki:
juu ganda gumu, chini yake dentini,
na ndani ya dentini vijia, maelfu,
vyembamba kuliko unywele,
vimesimama bega kwa bega kuelekea kwenye uhai wa jino.
Nikasema, "Sega."
Akainua kalamu. "Eeh. Sega."
"Na wadudu wameshaingia?"
"Wamevuka mlango. Chumbani bado."

Basi hatachimba, akasema. Hatakereza.
Atapaka dawa ya fedha na floridi,
vijia vifumbe, palipolainika pakaze.
Hapo sikuuliza kitu.
Nyuki akikuta ufa mzingani haendi kumwita fundi:
huleta utomvu, akaziba, akaendelea na kazi.

"Ila patakuwa peusi," tabibu akasema,
"na weupe hautarudi."
Mke wangu Nsungwa aliuliza mara tatu.
Peusi kama nini? Kama mkaa?
Wenzake watamcheka?
Na tukiliacha?
"Likiachwa litatoboka. Hapo usiku hamtalala."
Nsungwa akatazama kidole changu.
Kidole, si uso.
"Paka," akasema.

Vaselini midomoni. Pamba shavuni.
Kibrashi kidogo kama mguu wa nyuki,
na dakika moja ambayo Eliakunda aliihesabu kwa Kimeru
huku Mlekwa amekodoa macho.
Alipoachiwa alitamka neno moja:
"Msumari."
Ndiyo ladha yake, kumbe.

Mitundu ilichanua, nikavuna ndoo nne.
Asali yake alipewa, hatukumnyima,
lakini mezani, pamoja na chakula, na mara moja tu,
kisha mswaki, na dawa kiasi cha njegere,
Nsungwa amesimama pembeni kama askari wa maliasili.
Kidole changu nikakifunza kukaa mfukoni.

Baada ya miezi sita tukarudi.
Chuma kile kile. Jino lile lile, sasa lina doa jeusi tii.
Akagonga.
Nilisikia nikiwa mlangoni: ti. Ti.
Hakikuzama.
"Pamekaza," akasema, "ila nileteeni tena. Hii si ahadi, ni ulinzi."
Mlekwa akamwonyesha jino lake.
Tabibu akamwonyesha yake yote.
Wakakaa hivyo, weusi kwa kahawia, vinywa wazi,
kama wasafiri waliokutana stesheni
wakagundua wametoka kijiji kimoja.

Usiku ule nilimmulika kwa tochi akiwa amelala.
Sikugonga.
Niliinamisha sikio tu, kwa mazoea,
nikasikia pumzi yake inaingia,
inatoka,
ina harufu ya mswaki.